Karatasi ya Mama Mdogo

Ninaishi kwa kuandikia watu karatasi. Nina chumba kimoja hapa Kasongo, hatua chache kutoka soko, chenye meza mbili, ordinateri moja, yaani kompyuta, mashine ya fotokopi, na paneli za jua juu ya bati. Watu wanakuja na mambo yao. Mwenye duka anataka mkataba na mtu anayemletea mchele. Mtu amenunua pikipiki na hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba ni yake. Mjane anaombwa cheti cha ndoa, naye aliolewa kwa mahari tu, mbele ya wazee ambao wengi wao wameshazikwa.

Mimi si mwanasheria. Nilimaliza sekondari, nikafanya kazi ya kuchapa katika ofisi moja ya serikali, na nilipotoka huko nilitoka na kitu kimoja cha maana, nacho ni mifano ya hati. Mkataba wa kupanga, hati ya kuuza, barua ya kuomba, hati ya kumtuma mtu akuwakilishe, ile tunayoita prokirasyon. Zote kwa Kifaransa. Mteja akija ninafungua mfano, ninabadilisha jina, mahali na tarehe, ninachapa. Anasaini, na asiyejua kuandika anapiga kidole. Ndivyo nilivyofanya kazi kwa muda mrefu na hakuna aliyelalamika.

Mama mdogo ninayemtaja hapa ni mdogo wa mama yangu mzazi. Mama alifariki nikiwa bado shuleni, na yeye ndiye aliyenichukua. Nililala katika chumba chake cha nyuma mpaka nilipooa. Alikuwa na kiwanja, parseli kama tunavyosema huku, yenye nyumba ya matofali mabichi, michikichi minne, na mahali pa kulima lengalenga na nyanya. Alikuwa akikamua mawese mwenyewe na kuyauza. Mumewe, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, alipofariki, ukoo ulikaa na kukubaliana kwamba mjane abaki pale alipo. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akamwandikia karatasi kwa jina lake mwenyewe. Mtoto wake mmoja tu, binti, alikuwa ameolewa mbali, Wamaza.

Kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka dogo Kabambare. Nisiseme uongo juu yake. Huyo mtu ndiye aliyekuwa akija kumtazama mama mdogo wakati wengine wa ukoo walikuwa wamemsahau. Alikuja na karanga, alipanda mwenyewe juu ya nyumba kubadilisha majani yaliyooza, na mama mdogo alipoanguka na goti lake likaharibika, yeye ndiye aliyembeba mpaka hospitali. Watoto wangu walimwita babu. Alikuwa mtu wa sala, wa sauti ya chini.

Siku moja walikuja wote wawili dukani kwangu asubuhi, mvua ikiwa imetoka kupita. Mama mdogo aliketi kwenye benchi akinyoosha mguu wake mbaya. Shemeji yake akaniambia:

"Mwanangu, watu wa kadastri, wale wa udongo, wanaanza kupima. Mutu asiye na karatasi za serikali atakuja kulia. Mama yako na ule mguu hawezi kupanga mustari kila siku. Utuandikie prokirasyon, niende kwa jina lake."

Nikamtazama mama mdogo. "Mama, ni vile?"

"Njo vile," akasema. "Yeye atanifuatia. Mimi nitaweza wapi kutembea?"

Nilikuwa na wateja wengine watatu wakinisubiri, na umeme wa paneli ulikuwa mdogo kwa sababu ya mawingu. Nikafungua mfano wangu, nikaweka jina lake na jina la shemeji yake, nikachapa. Karatasi ilisema kwamba anampa mwenye kuibeba uwezo wa kusimamia parseli, kuikodisha na, neno la mwisho katika ule mfululizo, "aliéner". Neno hilo nilikuwa nimelichapa mara nyingi katika maisha yangu. Lilikuwa pale tangu nilipoupata mfano, nami sikuwahi kujiuliza linafanya nini.

Mama mdogo akapiga kidole. Chini kabisa kulikuwa na mstari unaosema kwamba mwenye kidole amesomewa hati yote na kufasiriwa kwa lugha anayoielewa, na chini ya mstari huo mahali pa jina la mwandishi na saini yake. Nikasaini. Sikumsomea. Hakuniomba nimsomee. Alipangusa wino kidoleni kwa pindo la kitenge, akaniuliza kama mtoto wangu wa pili bado anakohoa, wakaondoka.

Ilipita miezi. Halafu mtu akaja kwenye parseli ya mama mdogo na wapimaji wawili wenye kamba. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, mtu mpole, amevaa vizuri, na alimsalimia kwanza kwa heshima. Akamwambia kwamba alinunua mahali hapa, ana karatasi zote, na angependa kujua ni lini mama angeweza kuhama, bila haraka.

Mama mdogo alikuja kwangu akichechemea, hata hakufunga mlango wake. Alibeba kopi aliyopewa na yule mnunuzi. Kulikuwa na hati ya kuuza, na nyuma yake, imeshikizwa kwa pini, prokirasyon yangu.

"Nisomee," akaniambia.

Nikaisoma kimya. Nilipofika kwenye lile neno nikalipita, nikarudi, nikaona kwamba hati ya kuuza inalitaja hilo hilo kama sababu. Nikamwambia anisubiri kidogo. Nilivuka barabara mpaka kwa mwalimu mmoja wa shule jirani, nikamwomba kamusi. Iliandikwa pale wazi kabisa. Maana yake kumhamishia mtu mwingine mali yako. Kuuza ni mojawapo.

Nilirudi nikamkuta ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Inasema nini?"

"Inasema shemeji yako alikuwa na ruhusa ya kuuza."

"Nani alimupa?"

Sidhani kwamba alikuwa ananituhumu. Aliuliza kwa sababu hakujua. Nikamwambia tu kwamba nitakwenda Kabambare.

Nilikwenda kwa pikipiki, na njia ilikuwa matope mpaka magoti. Mara mbili tulishuka na kuisukuma. Nilimkuta shemeji yake nyumbani, ameketi ndani ya duka lake, milango imefungwa nusu, na rafu hazina kitu isipokuwa sabuni na kiberiti. Alikuwa amekonda. Alinyanyuka, akanipa kiti, akamwita mkewe aniletee maji.

"Najua kilichokuleta," akasema.

"Baba, kwa nini?"

Akanieleza. Yeye na wenzake walikuwa wamechukua shimo la dhahabu Salamabila, na shimo lilikuwa na mchanga mzuri, lakini maji yalilijaza. Bila pompe ya kuvuta maji hawangeweza kushuka tena. Mnunuzi wa dhahabu akasema hatoi mkopo, lakini anatafuta mahali pa kujenga Kasongo.

"Nilisema mwezi mbili, tatu, shimo litatoa, nitamununulia mama parseli ingine, nzuri kupita ile," akasema. "Sikutaka kumufukuza. Mungu anaona."

"Na shimo?"

"Lilianguka. Pompe iko chini ya ule udongo. Mutu mumoja pia iko kule chini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa njia nzima kumtukana, na sasa sikuona pa kuanzia. Nikamuuliza kama mama mdogo alijua, siku ile dukani, kwamba karatasi inaruhusu kuuza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi mwenyewe sikujua siku ile," akasema. "Nilikuja kujua wakati mununuzi alinisomea. Nilifikiri ni wewe uliona vizuri kuliweka lile neno."

Nilirudi Kasongo na maneno hayo. Huo ndio ukweli wa jambo hili, na sikumwambia mtu yeyote. Mtu aliingia kwangu akitaka karatasi ya kupanga mstari ofisini, nami nikampa ya kuuza nyumba.

Mama mdogo alikataa kuhama. Mnunuzi akampeleka mbele ya tribinali, bila hasira, akidai haki yake. Tulipata mtetezi mmoja, mtu wa makamo aliyevaa koti lile lile kila siku, akakubali kumsimamia mama mdogo. Alisoma karatasi zote polepole, kisha akanifuata dukani kwangu peke yake.

"Kila kitu kiko kwenye mustari huu wa chini," akasema, akiweka kidole juu ya saini yangu. "Kama yule mama hakusomewa, hakukubali. Na kama hakukubali, ile prokirasyon si kitu, na kuuza kule hakusimami. Juji atakuita. Ulimusomea?"

Nikamwambia aniache nikumbuke kwanza.

Alikuwa mtu mwaminifu, na aliniambia pande zote mbili.

"Ukisema hukumusomea, nafikiri tutashinda. Lakini ujue umeandika kwa mukono wako kwamba ulimusomea. Ile ni uongo ndani ya hati. Mununuzi anaweza kukushitaki, na gereza unalijua. Siwezi kukuambia haitafika. Fikiri."

Nilifikiri. Nilikuwa na watoto wanne, na mke wangu alikuwa na mimba ya tano. Gereza letu nalijua, kwa sababu nawaandikia familia za wafungwa barua za kuomba wapelekewe chakula. Nilijua pia kwamba siku nitakaposema mbele ya watu kwamba ninasaini bila kusoma, hakuna mtu atakayeleta tena karatasi kwangu. Nilijiambia kwamba juji ataona huruma kwa mjane mwenye mguu mbaya hata bila mimi. Nilijiambia kwamba labda nilimsomea kidogo na nimesahau. Katika siku zile nilijaribu hata kukumbuka sauti yangu ikimsomea, na kuna wakati nilikaribia kuisikia.

Mama mdogo hakuniomba chochote. Juma lote kabla ya kesi kusikilizwa alituletea sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akakaa na mke wangu, akacheza na watoto. Hata siku moja hakutaja tribinali.

Chumba cha tribinali kilikuwa na joto na watu wengi, maana watu hupenda kusikiliza kesi za wengine. Shemeji yake hakuja. Walisema amerudi Salamabila. Mnunuzi alikaa mbele na karatasi zake katika bahasha safi. Juji akasoma ile hati, akaniita.

"Saini hii ni yako?"

"Ndiyo, Bwana Prezida," nikasema, maana ndivyo juji anavyoitwa huku.

"Iko andikwa hapa kwamba ulimusomea huyu mama na kumufasiria. Ulimusomea?"

Niliona mtetezi wetu ameinamisha kichwa, anachezea kalamu. Sikumtazama mama mdogo.

"Nilimusomea," nikasema.

"Kwa luga gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Na lile neno la kuuza, ulimufasiria?"

"Ndiyo."

Grefye, karani wa tribinali, akaandika. Juji akamgeukia mama mdogo, akamwambia anaweza kujibu akiwa ameketi. Akamuuliza kama ni kweli alisomewa na mtoto wake huyu. Neno alilolitumia juji lilikuwa mtoto, kwa kuwa mtetezi alikuwa ameshaeleza ukoo wetu.

Hapo ndipo nilipomtazama mama mdogo. Alikuwa ananiangalia mimi, si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na homa, akikadiria kama imeshuka.

"Kama yeye amesema alinisomea," akasema, "basi alinisomea."

"Mama, mimi nakuuliza wewe. Unakumbuka?"

"Mimi ni muzee, Bwana Prezida. Labda sikusikia muzuri. Huyu mutoto hana uongo."

Watu nyuma wakanong'ona. Mtetezi aliweka kalamu chini na hakuuliza swali jingine. Hukumu ilisomwa baadaye, nayo haikuchukua muda mrefu. Mnunuzi alinunua kwa nia njema kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kuuza, hati ilisomwa na kueleweka, shemeji ndiye mwenye kuwajibika kwa mama mdogo, amtafute huko aliko. Mama mdogo alipewa siku za kuhama. Kulikuwa pia na siku za kukata rufaa. Grefye alizitaja, lakini mama mdogo alisema amechoka.

Nilikodi pikipiki mbili kumpeleka Wamaza kwa binti yake. Vitu vyake havikujaza hata ya pili: godoro, sufuria, kinu kidogo, mafungu ya nguo. Alifunga mlango, kisha akaona hakuna maana, akauacha wazi. Nilimsaidia kupanda. Goti lake halikutaka kukunjika, ikabidi tumweke upande, na dereva akalalamika kwamba hivyo ataanguka. Mama mdogo akaniambia nirudi kazini, watu wananisubiri.

Mtetezi alikuja siku chache baadaye kuchukua karatasi zake. Hakuketi.

"Mimi nilikuona pale mbele ya juji," akaniambia. "Na yule mama alikuona kabla yangu."

Ilinichukua miezi kufika Wamaza. Nilikuwa nikijipa sababu, mara mvua, mara mtoto kuzaliwa. Nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, akipepeta mchele. Watoto wa pale walikuwa wakimsemesha Kibangubangu naye akiwajibu hivyo hivyo, na alionekana mdogo kuliko nilivyomwacha. Niliketi chini. Nikamwambia yote, kuanzia lile neno nisilolijua mpaka maneno ya shemeji yake Kabambare.

Hakuacha kupepeta.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mimi sijui kusoma, lakini najua kama mutu amenisomea ao hajanisomea."

"Sasa kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Wakufunge, halafu mimi nikae ndani ya nyumba ile, nikikuletea chakula kule? Dada yangu aliniachia wewe. Hakuniachia parseli."

Nikamwambia nitarudi kwa juji, nitasema ukweli. Aliweka ungo chini. Aliniuliza kama hiyo itarudisha kitu. Nikasema sijui. Akasema basi niende nikaulize, kisha nirudi nimwambie.

Nilikwenda kweli. Grefye alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akaniambia siku za rufaa zimepita zamani, hukumu imeshatekelezwa, na mnunuzi ameshajenga ukuta. Kama ninataka kujishitaki mwenyewe, ofisi ya mwendesha mashtaka iko upande wa pili wa ua, na njia ninaiona. Niliiona. Nilisimama uani mpaka wafanyakazi walipoanza kutoka kwenda kula, kisha nikarudi dukani. Mambo mengine katika maisha yangu naweza kuyaeleza, lakini kile kitendo cha kugeuka pale uani sijapata namna ya kukieleza hata kwa mke wangu.

Sikurudi Wamaza kumpa jibu. Nilimtumia maneno kwa mtu wa pikipiki, kwamba haiwezekani tena. Naye alinitumia fungu la mchele.

Shemeji yake nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni Kasongo, akiuza betri na taa za mkononi juu ya kipande cha turubai. Alinisalimia. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia yuko, na kila mmoja wetu akatazama upande wake.

Mfano ule nimeufuta. Sasa ninaandika kila prokirasyon kwa Kiswahili kwanza, ninaisoma kwa sauti, na ninamwambia mtu anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Wateja wanachoka. Kuna chumba kingine kilichofunguliwa karibu na benki ya akiba, kijana wake anachapa upesi, na watu wengi wanakwenda huko. Siwalaumu.

Mama mdogo alifariki msimu wa mvua uliopita. Mto ulikuwa umebeba daraja la miti, tukangojea siku mbili upande huu, na nilipofika alikuwa ameshazikwa. Nilikaa msibani siku tatu. Siku ya mwisho wazee wa mume wa binti yake walitaka kuandika karatasi kuhusu shamba la familia, ili watoto wasije wakagombana. Mmoja akasema bahati njema, mwandishi wa Kasongo yuko hapa. Wote wakanigeukia.

Binti ya mama mdogo, tuliyelala naye chumba kimoja tukiwa watoto, alikuwa akigawa chai. Alisema bila kuinua sauti, akinitaja kama anavyotajwa kaka mkubwa, yaya:

"Hapana. Yaya amechoka na safari. Mwalimu wa hapa ataandika."

Akanipa kikombe changu, akaenda kwa mwingine. Mwalimu akaitwa, akaja na daftari. Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha, kisha nikatoka nje kuwasaidia wanaume waliokuwa wakishusha turubai ya msiba na kukunja kamba.

Kesho yake niliondoka mapema. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama aliyezikwa ni mama yangu mzazi. Nikamwambia ndiyo.